Kwanza Ndizi, Kidonge Baadaye

Katika duka lile hukupewa kidonge cha magoti mpaka ule ndizi mbele ya watu. Haikujalisha wewe ni nani. Nilimwona katekista akimenya ndizi pale kaunta akiwa amevaa suti ya harusi, na nilimwona dereva wa lori la kutoka Himo, aliyeacha injini inanguruma barabarani, akitafuna kwa hasira huku macho yote yako kwenye lori lake. Mkungu ulining'inia kwenye msumari kando ya mlango. Mwenye duka, ambaye sote tulimwita Mama Nesi, alikukatia ndizi kwanza, ndipo akakuuliza umekuja na shida gani.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sitasema. Wapo wanaoyajua hayo na hawachoki kuyasema misibani. Mimi nina mambo mawili tu ya kusimulia: jinsi alivyomwokoa baba yangu kwa swali ambalo mtu mwenye adabu haulizi, na jinsi yeye mwenyewe alivyokaribia kufa kwa kukosa mtu wa kumwuliza swali hilo hilo. Katikati ya hayo mawili kuna kicheko kingi, na nikikipunguza nitakuwa namsingizia.

Alikuwa ameuguza watu hospitalini miaka mingi kabla ya kustaafu. Enzi za ruksa zilipofika, biashara zikaachiwa huru, akafungua duka la dawa baridi sokoni kwetu, chini kidogo ya Marangu, katikati ya muuza mitumba na bucha. Wakati ule kila kitu kilivuka mpaka na kupitia Himo: sabuni za kunukia, kanda za muziki, viatu vya plastiki, na vidonge. Tulikuwa tumezoea kwenda zahanati na kurudi na ushauri peke yake. Ghafla dawa zikawa zinauzwa kwenye mabeseni pamoja na betri na viberiti, nasi tukapagawa. Watu walichagua vidonge kwa rangi kama wanavyochagua kanga. Baba yangu alipenda vya waridi, akisema vina huruma.

Na dawa tuliyoitafuta kuliko zote ilikuwa ya magoti. Huku mlimani hakuna njia ya tambarare. Ukienda sokoni unashuka, ukirudi unapanda, na majani ya ng'ombe yanatoka bondeni kichwani mwa mtu. Ukifika umri wa kuitwa bibi au babu, magoti yanakuwa na habari zao wenyewe. Vidonge vile vya kutuliza maumivu na uvimbe, diklofenaki na ibuprofeni, vilitufanya tujione vijana tena. Niliwahi kumwona bibi mmoja akicheza ngoma kwenye sherehe ya ubarikio wa mjukuu, wakati wiki iliyotangulia alikuwa amebebwa hadi kanisani. Nani angemwambia mtu kama huyo kwamba dawa hiyo hiyo inaweza kumtoboa tumbo?

Mama Nesi aliwaambia wote. Alikuwa na maswali yake, na aliyapanga kama mama anavyopanga sahani. Umekula nini? Umekunywa nini? Umemeza nini kingine? Ukivuka hapo, alikuuliza kama una vidonda vya tumbo, kama figo ni nzima, kama unatumia dawa ya presha, kama kifua hukubana. Akina mama aliwainamia na kuwanong'oneza kuhusu mimba, kwa sababu dawa ile si ya kumeza tu ovyo na mtoto yuko tumboni. Shida ni kwamba Mama Nesi hakujua kunong'ona. Mnong'ono wake ulisikika mpaka bucha, na mimba kadhaa za kijiji chetu zilitangazwa hivyo kabla hata ya waume kuambiwa. Muuza nyama alikuwa akiweka kisu chini na kupiga makofi.

Misemo yake bado tunaisema nyumbani. Kuhusu diklofenaki, ibuprofeni na aspirini alisema, hawa ni ndugu wa tumbo moja, ukimwalika mmoja usimwite na mwenzake, watakuvunjia nyumba. Alikuwa akiwalenga wale waliomeza chake asubuhi na cha Himo mchana ili wapone haraka. Fundi cherehani mmoja aliyetaka kumeza kila siku mwaka mzima, ili maumivu yasipate nafasi ya kurudi, aliambiwa kwamba mgeni akishaaga hukai unampakulia. Unameza kile kidogo kinachotosha, kwa siku chache zinazotosha, na kama siku zinapita goti bado linauma, unakwenda kwa daktari, huongezi kidonge. Fundi akajibu kwamba wageni wake hawaagi. Akaandikiwa siku hiyo hiyo kwenda kupimwa, na ndizi yake akala.

Wapagazi walimwogopa zaidi. Walishuka mlimani na mizigo ya watalii, midomo imepasuka, wamevaa makoti waliyopewa na Wazungu, na kitu cha kwanza walichotaka ni kidonge. Kwao hao ndizi haikutosha. Aliwamiminia kopo kubwa la maji na kuwasimamia mpaka walimalize, kwa sababu mtu aliyekaukiwa akimeza dawa ile anazitesa figo. Siku moja kijana mmoja shupavu alimwambia amebeba watu mpaka kileleni, hawezi kubembelezwa maji kama mtoto. Mama Nesi akamjibu kwamba kileleni figo hazionekani ndiyo maana hajaziona. Wenzake walimcheka kijana yule hadi Marangu nzima ikajua.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alihubiri dhidi ya tumbaku, na kopo lake la ugoro lilikaa ndani ya boksi la bandeji. Alisema hapendi umbea, kisha akakushika mkono usiondoke kabla hujammalizia habari. Na ajabu kuliko zote, alikuwa Mchaga asiyependa ndizi. Mbivu, mbichi, mtori, kiburu kilichopondwa na maharage, vyote alivisogeza pembeni ya sahani. Nilimuuliza mara moja kwa nini basi ana mkungu dukani, akasema ule mkungu si wake, ni wa vidonge.

Tena alipenda kufunga. Kwaresima ikifika aliwafukuza wagonjwa wote kwenye mfungo, akiwakumbusha kwamba Kanisa halimdai mgonjwa njaa. Yeye mwenyewe alikaa bila kitu mpaka jioni, siku zote zile, na magoti yake yalikuwa mabaya kuliko ya wateja wake. Hakuna aliyejiuliza anayatuliza kwa dawa gani. Tungemwulizaje? Maswali yalikuwa yake.

Sasa nije kwa baba.

Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa mwenye hoja. Angeweza kubishana na mvua. Mara ya kwanza Mama Nesi alipomwambia asimeze kidonge kabla ya kula, baba alisema ameshakula. Akaulizwa amekula nini. Akasema mbege.

Duka likacheka, lakini baba hakuwa anatania. "Mbege ni nini?" aliuliza, amesimama wima kama yuko mahakamani. "Ni ndizi. Zimepikwa vizuri, zikatiwa na ulezi. Wewe hapa unanipa ndizi moja, mimi nimekunywa nusu ya mkungu."

"Meku," Mama Nesi akamwambia, kwa heshima yote tunayompa mzee kwa Kichaga, "ndizi yako imelewa."

Akamweleza kwamba pombe inachubua tumbo na kidonge nacho kinachubua, na vikikutana humo ndani havisalimiani. Baba akala ndizi ya kaunta kwa unyenyekevu uliopaswa kututia wasiwasi. Kumbe aliweka kidonge mfukoni. Alikwenda nacho kilabuni, akakimeza na kata ya mbege mbele ya wenzake, na hoja yake ikapendwa mno. Nusu ya wazee wa kijiji wakawa wanatuliza magoti kwa mtindo huo, wakisema wamekula. Sijui kama kuna mahali pengine duniani ambapo watu wangefanya kosa hilo wakiwa na uhakika kiasi kile. Kwetu mbege ni posa, ni sadaka, ni msamaha, ni chakula. Unawezaje kumwambia mzee kwamba safari hii ni pombe tu?

Na vile vya waridi vya Himo viliendelea kuja kimyakimya, ndugu wa tumbo moja wakikutana kila siku ndani ya baba. Sikio la kufa halisikii dawa, na la baba lilikuwa limezibwa na povu la mbege.

Siku niliyofuatana naye dukani ilikuwa siku ya soko. Nilikuwa nimeshaanza kufundisha shule ya msingi, na nilikuwa nimekuja nyumbani likizo. Njiani nilishangaa baba anasimama kupumzika mahali ambapo siku zote mimi ndiye ninayesimama. Dukani palikuwa na watu, na kati yao, kwa bahati mbaya yake, alikuwepo mkwe wake, mama wa mume wa dada yangu, mwanamke ambaye mbele yake baba hakuthubutu hata kupiga chafya. Baba akasalimia vizuri, akaomba vya magoti.

Mama Nesi hakugusa mkungu. Alimtazama usoni, akazunguka kaunta, akamvuta ukope wa chini kwa kidole gumba kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua. Halafu akauliza, kwa mnong'ono wake uleule wa kufika bucha: "Meku, choo chako kina rangi gani?"

Kisu cha bucha kikanyamaza. Baba akatazama dari. Akasema yeye amekuja kwa ajili ya magoti, na magoti yako mbele. Mama Nesi akarudia swali, neno kwa neno. Mkwe akajifanya anasoma karatasi ya dawa ya minyoo.

"Cheusi kidogo," baba akasema hatimaye, sauti chini. "Ni kisusio."

Kisusio ni supu yetu ya damu ya mbuzi, na ni kweli ukiinywa choo kinaweza kuwa cheusi. Nilipumua. Lakini Mama Nesi akauliza mbuzi huyo alichinjwa lini, na baba, ambaye alikuwa mbishi ila si mwongo, akasema Krismasi. Krismasi ilikuwa imepita zamani, hata nguo za sikukuu za wajukuu zilishachanika magotini. Ni mkwe aliyeiweka chini ile karatasi ya minyoo na kusema taratibu kwamba kisusio hakiwezi kukaa tumboni muda huo wote.

Mama Nesi alifunga duka siku ya soko, jambo ambalo hata kwa msiba wa jirani hakuwahi kulifanya. Tulimpakia baba kwenye pikapu ya bucha. Njia nzima hadi Moshi Mama Nesi alimshika mkono akimfokea, na mimi nilikuwa naogopa mno, kwa sababu niliona kwamba baba hamjibu. Hospitalini walisema tumbo lina kidonda na kidonda kinavuja damu, damu hiyo ndiyo iliyokitia choo weusi, na vile vidonge na pombe ndivyo vilivyomfikisha hapo. Akaongezewa damu. Asubuhi nilipomkuta amekaa kitandani anabishana na muuguzi kuhusu uji, nilitoka nje nikalia kwa furaha ukutani, na watu wakanipa pole wakidhani nimefiwa.

Baada ya hapo baba akawa kero. Sijui neno lingine. Aliacha vidonge, akaacha mbege kwa manung'uniko, na badala ya kukaa kilabuni akahamia kwenye benchi la Mama Nesi. Mteja hajafika kaunta, baba ameshamuuliza amekula nini. Alieneza habari za choo kwa bidii ya mwongofu. Wazee wenzake walianza kupita njia ya nyuma ya mashamba ili wasikutane naye, maana angewauliza wakiwa na wakwe zao, makusudi, akisema yeye aliulizwa hivyo na akapona. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," aliwaambia, kisha akangoja jibu.

Na baba, akiwa hana kazi nyingine pale benchini ila kutazama, ndiye aliyeona.

Ilikuwa Kwaresima. Aliona Mama Nesi akija kutoka Misa ya asubuhi, anaingiza mkono kwenye droo, anarusha kitu mdomoni na kukishushia funda dogo la maji. Aliona hali kitu mpaka jioni. Kesho yake vivyo hivyo. Mimi baba alinisimulia haya mara nyingi, na kila mara alikuwa akifika hapa anashusha sauti, kwa sababu aliogopa. Hakuwa amezoea kumwogopea. Kisha siku moja akaona anashika kaunta ili asimame, na midomo yake imekuwa na rangi ya majivu.

Watu walikuwepo. Katekista alikuwepo, na yule fundi cherehani pia. Baba akainuka kwenye benchi.

"Mama Nesi, choo chako kina rangi gani?"

"Meku, huna adabu," akamjibu.

"Adabu niliiacha hapa hapa dukani kwako," baba akasema. "Mkwe wangu ni shahidi. Nijibu."

Mwanamke yule aliyewauliza watu wa mlima mzima, aliyejua jibu lolote linamaanisha nini, hakuwa amejiuliza hata mara moja, au alijiuliza akaogopa kujijibu. Akakaa chini kwenye gunia la pamba. Akasema, "Cheusi."

"Mganga hajigangi," baba akasema, na kwenda kumwita muuza nyama na pikapu yake.

Waliteremka Moshi kwa njia ileile, baba sasa ndiye mshika mkono na mfokaji. Mama Nesi, akiwa nusu hoi, alikuwa akitoa maagizo: ufunguo uko wapi, nani asiuziwe nini, na kwamba fundi cherehani asitumie nafasi hiyo. Hospitalini walimkuta na kidonda kama cha baba, wakamzuia vidonge vile moja kwa moja. Padre alipokwenda kumwona alimkumbusha kwamba mgonjwa hafungi. Alijibu kwamba anajua, amewaambia watu hivyo miaka yote. Padre akamuuliza ni kwa nini basi. Akasema hakuwa akijua kwamba yeye ni mgonjwa, alidhani yeye ni nesi.

Aliporudi, kijiji kilimlipizia kisasi. Kila aliyewahi kula ndizi pale kaunta alikuja na sahani. Walikuja na mtori, na kiburu, na ndizi za kila namna ambazo hakuzipenda, wakakaa mbele yake mpaka amalize. Wapagazi walimletea kopo la maji na kulisimamia. Bibi wa ngoma ya ubarikio alimlisha kwa kijiko. Alikula huku analaani, kijiko baada ya kijiko, na uani kwake palikuwa na shangwe kuliko harusi. Sijawahi kuona watu wakifurahi kiasi kile kwa kumwona mtu mmoja anameza.

Mara ya mwisho nilipomwona, miaka ilikuwa imepita. Nilikuwa nimehamia Moshi mjini, mgongo unaniuma kwa kusimama darasani, na baba alikuwa ameshatutoka. Alikwenda kwa uzee, kitandani mwake, ameshiba mtori. Duka alikuwa akiliendesha mpwa wake. Nilimkuta Mama Nesi nyumbani, kibarazani, fimbo kando yake na taulo la maji ya moto gotini, maana sasa alitumia hilo, na parasetamoli siku zikimbana.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekula nini?"

Nikamwambia. Akauliza nimekunywa nini, nimemeza nini kingine, akauliza yote, na la mwisho, la choo, akalinong'ona kwa sauti iliyowainua kuku uani. Nikajibu. Akaniambia nipunguze kusimama, nipime presha kwanza kabla ya kumeza chochote, na nichukue ndizi kule jikoni. Nilidhani tumemaliza, nikaanza kuaga.

"Kaa," akasema. Alikuwa akilikunja lile taulo na kulikunjua. "Baba yako alikuwa akija hapa kila Jumapili baada ya Misa. Alikuwa ananiuliza. Tangu aondoke, wanakuja wanakaa, wananipa heshima. Hakuna anayeniuliza."

Mimi ni mwalimu, nimelelewa vizuri, na yule alikuwa mzee wa kumpa shikamoo. Nilitazama dari ya kibaraza kama baba alivyotazama ya duka. Halafu nikainama karibu na sikio lake na kumwuliza, kwa sauti iliyokusudiwa kuwa ndogo.

Mama Nesi akanyoosha mgongo kama mtoto aliyeitwa kupokea zawadi.

"Cha kahawia, mwanangu," akasema, na jirani aliyekuwa akichuma kahawa ng'ambo ya boma akaitikia, kama yuko Misani, "Milele, amina."